Vitamini C na Tezi Adrenali: Uhakiki wa Istilahi

Istilahi ya sayansi haihukumiwi ikiwa peke yake katika orodha. Hukumu yake hutolewa ndani ya sentensi, pale inapokutana na istilahi nyingine na kutakiwa kubeba jambo ambalo mtafiti ameliona kwa macho au amelipima kwa mizani. Neno laweza kupendeza katika safu ya pili ya orodha, mkabala wa neno la kigeni, kisha likaleta upotovu mkubwa mara liingiapo katika aya. Kwa sababu hiyo makala haya yamechukua jambo moja mahsusi la biolojia, yaani uhusiano wa vitamini C na tishu ya tezi adrenali katika wanyama wa maabara, ili kuijaribu istilahi yetu nalo. Jambo hili limechaguliwa kwa kuwa historia yake yajulikana vyema, na kwa kuwa maneno matano au sita tu yakikosewa, msomaji hupata habari iliyo kinyume kabisa cha ile iliyokusudiwa.

1. Kisa chenyewe

Mnamo mwaka 1907 Axel Holst na Theodor Frølich, wataalamu wa Norwei, waliwalisha simbilisi nafaka tupu bila majani wala matunda. Wanyama hao wakapatwa na ugonjwa ambao mabaharia waliujua kwa karne nyingi, yaani kiseyeye. Tangu hapo simbilisi akawa kipimo: chakula chochote kilichomkinga na kiseyeye kilihesabiwa kuwa kina kile kitu kisichoonekana ambacho baadaye kiliitwa vitamini C. Mwaka 1919 Robert McCarrison, akifanya utafiti India, alieleza kwamba katika simbilisi wenye kiseyeye tezi adrenali huwa kubwa kuliko kawaida, na ndani yake huonekana damu iliyovuja. Hapo ndipo tezi hii ilipoanza kuhusishwa na ugonjwa huo.

Kwa njia nyingine kabisa, Albert Szent-Györgyi, mwanasayansi wa Hungaria aliyekuwa akifanya kazi Cambridge, alikuwa akitafuta katika tezi adrenali za ng'ombe kitu chenye uwezo mkubwa wa kuzuia uoksidishaji. Mwaka 1928 alitangaza kuwa amekipata katika umbo la fuwele. Hakujua ni kitu gani, ila aliona kwamba kinafanana na sukari. Kwa kuwa majina ya sukari katika lugha za Ulaya huishia kwa -ose, alipendekeza kiitwe Ignose, mwanzo wa jina hilo akiutoa katika Kilatini kwa maana ya kutojua. Mhariri wa jarida alikataa mzaha huo. Szent-Györgyi akaleta jina la pili, Godnose, ambalo kwa masikio ya Mwingereza lasema kwamba Mungu ndiye ajuaye. Hilo nalo likakataliwa, na kitu hicho kikaitwa asidi heksuroniki, kwa kuwa kina atomi 6 za kaboni.

Mwaka 1932, akiwa Szeged nchini kwake, Szent-Györgyi pamoja na Joseph Svirbely waliwapa simbilisi asidi hiyo, nao hawakupata kiseyeye. Mwaka huo huo Charles Glen King, huko Pittsburgh, Marekani, alitangaza matokeo ya namna hiyo hiyo. Kitu kilichofichwa katika tezi kilikuwa ndicho vitamini C. Tezi za ng'ombe zilitoa gramu chache tu, lakini pilipili za paprika, ambazo hulimwa sana pande za Szeged, zilitoa zaidi ya kilo 1 katika muda wa majuma machache. Walter Norman Haworth wa Birmingham akaweza kuueleza muundo wake, na mwaka 1933 jina likabadilika tena kuwa asidi askobiki, yaani asidi iondoayo kiseyeye, kutokana na neno la Kilatini la ugonjwa huo lililotanguliwa na a- ya kukanusha. Mwaka 1937 Szent-Györgyi alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, na Haworth akapewa sehemu ya ile ya kemia.

Tumekieleza kisa hiki kwa urefu kwa kuwa ni funzo kwa kila aundaye istilahi. Kitu kimoja kilipata majina matatu: la kwanza lilitaja ujinga wa mgunduzi, la pili likataja umbo, la tatu likataja kazi. Kila jina lilifuata kiasi cha maarifa yaliyokuwapo. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kujua ni kiasi gani cha maarifa anachokisafirisha kabla hajalikamata neno.

2. Majina ya wanyama

Kosa la kwanza huwangoja wafasiri mlangoni, nalo ni jina la mnyama. Katika Kiingereza mnyama wa Holst na Frølich huitwa kwa maneno mawili ambayo, yakifasiriwa moja moja, yatatoa nguruwe wa Guinea. Mnyama huyo si nguruwe, wala asili yake si Guinea. Ni mgugunaji mdogo aliyefugwa na wenyeji wa milima ya Andes, Amerika Kusini, tangu zamani. Hatuhitaji kumtungia jina, kwa kuwa anafugwa katika sehemu za Tanzania na watu humwita simbilisi. Mfasiri anayeandika nguruwe katika kitabu cha afya amefanya zaidi ya kukosea elimu ya wanyama. Msomaji Mwislamu atakayesoma kwamba vitamini iliyo katika kidonge chake ilijaribiwa kwa nguruwe ataingiwa na shaka ambayo haina msingi wowote, nayo shaka hiyo itakuwa imezaliwa na kalamu ya mfasiri.

Kuna wengine wanaomwita pimbi. Pimbi ni mnyama wa majabali, ambaye si mgugunaji na hana udugu wa karibu na simbilisi. Kufanana kwa umbo kusitudanganye.

Tatizo kubwa zaidi ni neno panya. Kiswahili hutumia neno hili kwa wanyama wawili ambao maabara huwatenga kabisa: yule mkubwa, Rattus norvegicus, na yule mdogo, Mus musculus. Katika mazungumzo ya nyumbani hakuna hasara, maana wote wawili hutoboa magunia. Katika jambo letu hasara ipo, na huzidi pale mfasiri anapochoka na kumtia simbilisi pia katika kundi la panya. Panya, awe mkubwa au mdogo, hujitengenezea vitamini C katika ini lake. Simbilisi hawezi, na binadamu naye hawezi. Panya aliyenyimwa matunda hapati kiseyeye, lakini simbilisi aliyenyimwa hupata na hufa. Hivyo sentensi isemayo kwamba panya walionyimwa vitamini C katika chakula walipata kiseyeye, ikiwa asili yake ilimtaja simbilisi, imegeuza ukweli wa biolojia juu chini. Mwalimu atakayeifundisha atakuwa amewafundisha wanafunzi wake uongo bila kujua.

Wengine wamejaribu kumwita panya mkubwa wa maabara panya buku. Jina hilo limekwisha kuchukuliwa. Panya buku ni mnyama mwingine wa Afrika, mkubwa zaidi, ambaye huko Morogoro hufunzwa kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Ama neno kipanya, watu wa Dar es Salaam walikwisha kuwapa mabasi madogo. Twaona yafaa kusema panya mkubwa wa maabara na panya mdogo wa maabara, na mara ya kwanza kuandika jina la Kilatini la kisayansi kando yake. Urefu wa maneno hayo si dhambi, maana usahihi hauna njia ya mkato katika jambo hili.

3. Jina la tezi na sehemu zake

Tezi tunayoizungumzia hukaa juu ya figo, moja kila upande, ikiwa imezama katika mafuta. Majina yanayotumiwa ni mengi: tezi ya figo, tezi ya juu ya figo, tezi ya adrenalini, tezi adrenali.

Jina tezi ya figo lafaa kuachwa. Kihusishi -a- cha umiliki humfanya msomaji adhani kwamba tezi ni sehemu ya figo au yaitumikia figo, hali kazi zake ni nyingine kabisa. Jina tezi ya juu ya figo lina ukweli, na lafaa sana kama maelezo ya mara ya kwanza kwa msomaji wa kawaida. Lakini haliwezi kuzaa maneno mengine: tutasemaje koteksi ya tezi ya juu ya figo ya simbilisi bila kumchosha msomaji kwa mlolongo wa -a-?

Jina tezi ya adrenalini lina hatari isiyoonekana upesi. Laitaja tezi kwa homoni yake moja tu. Homoni hiyo hutoka katika sehemu ya ndani, hali sehemu ya nje, ambayo ndiyo iliyomvuta Szent-Györgyi, haitengenezi adrenalini hata kidogo. Hutengeneza homoni nyingine zinazotawala chumvi, sukari na uwezo wa mwili kuhimili mashaka. Anayeziita zote tezi za adrenalini amelipa bonde jina la mti mmoja. Tezi adrenali ndilo jina lifaalo. Ni neno la kukopa, lakini linatamkika, linakubali viambishi vyetu, na halimdanganyi mtu.

Neno tezi lenyewe lataka uangalifu. Kwa watu wengi tezi ni uvimbe wa shingoni, na katika hospitali mtu akisema anakwenda kupasuliwa tezi, wengi huelewa tezi dume. Kwa hiyo pale McCarrison alipoona tezi adrenali kubwa, mfasiri ajihadhari na neno kuvimba. Kuvimba ni kwa jipu na kwa mguu ulioteguka. Tezi ya simbilisi mgonjwa iliongezeka ukubwa, na damu kuvuja ndani yake ni jambo la pili. Mambo hayo mawili yaandikwe kwa maneno mawili: kukua kwa tezi, na kuvuja kwa damu katika tishu.

Ama kuhusu sehemu mbili za tezi, majaribio yamekuwa mengi. Sehemu ya nje imeitwa gamba au ganda. Sehemu ya ndani imeitwa kiini, wengine uboho. Maneno haya ni ya Kiswahili safi, na moyo wa mpenda lugha huyakimbilia. Hata hivyo hayana budi kupimwa. Gamba la nyoka huvuliwa, gamba la mti hubanduliwa, na ganda la chungwa hutupwa. Yote ni vitu vya nje visivyo na uhai au vilivyokwisha kazi. Sehemu ya nje ya tezi adrenali ndiyo kubwa zaidi, na mnyama akiikosa hufa. Neno kiini nalo limekwisha kukaa katika seli: kiini cha seli ni istilahi iliyoshika tangu shule za msingi. Mwandishi akisema kwamba katika kiini cha tezi ya panya viini vilibadilika, nani atajua anazungumzia ngazi ipi? Na uboho ni wa mfupa.

Kwa hiyo, kinyume cha mapenzi yetu ya kwanza, twapendekeza koteksi na medula. Maneno haya mawili yaende pamoja kama pacha, kwa kuwa kulitafsiri moja na kulikopa la pili ni kuwatenganisha. Kwa msomaji wa kawaida mfasiri aongeze mara ya kwanza: koteksi, yaani sehemu ya nje ya tezi; medula, yaani sehemu ya ndani.

4. Neno athari

Sasa twaingia katika neno ambalo kila mfasiri huliandika bila kufikiri. Utafiti wa namna hii katika lugha za Ulaya hubeba kichwa kinachotaja matendo ya vitamini fulani juu ya tishu fulani. Mfasiri huandika mara moja: Athari za vitamini C katika tezi adrenali za panya. Mhadhiri wa fasihi ataona hakuna kosa, kwa kuwa katika maandishi ya kitaaluma twasema athari ya ushairi wa Kiarabu, na hatuna maana mbaya. Asili ya neno ni alama inayobaki baada ya kitu kupita.

Lakini neno haliishi katika asili yake. Matangazo ya afya, taarifa za serikali na magazeti yamelipa athari rangi nyingine: athari za pombe, athari za mafuriko, athari za moshi wa sigara. Mwathirika ni mtu aliyepatwa na baya. Kwa hiyo mkulima, karani au muuguzi akisoma kichwa kile, atatoka na habari kwamba vitamini C imedhuru tezi za panya. Wale walio waangalifu watamwambia jirani apunguze machungwa.

Twapendekeza mfasiri ajiulize kwanza utafiti ulitazama nini. Kama ulitazama jambo ambalo vitamini hulifanya katika mwili mzima, aseme kazi: Kazi ya vitamini C katika tezi adrenali. Kama ulitazama kinachotokea vitamini inapokosekana, aseme matokeo: Matokeo ya ukosefu wa vitamini C katika tezi adrenali za simbilisi. Kama ulitazama umbo la tishu kabla na baada ya jaribio, aseme mabadiliko. Neno athari libaki kwa fasihi na kwa yale ambayo kweli yameacha dhara, na hata hapo neno madhara ni wazi zaidi.

5. Ukosefu, upungufu, upunguaji

Hapa ndipo penye shina la makala haya. Mwaka 1948 watafiti wa Marekani, Marion Sayers, George Sayers na Lowell Woodbury, walieleza njia ya kupima homoni ya tezi ya pituitari iamshayo koteksi ya adrenali. Walichukua panya wakubwa wa maabara walioondolewa tezi ya pituitari. Walitoa tezi adrenali ya upande mmoja, wakamdunga mnyama homoni, na baada ya saa 1 wakatoa tezi ya upande wa pili. Kisha walipima asidi askobiki katika tezi zote mbili. Ile ya pili ilikuwa na kiasi kidogo zaidi, na kadiri homoni ilivyozidi ndivyo asidi ilivyozidi kupungua. Njia hiyo ilitumika katika maabara kwa miaka mingi.

Sasa tutaandikaje kwa Kiswahili kile kilichotokea ndani ya tezi ya pili? Mfasiri wa haraka ataandika upungufu wa vitamini C. Na kwa simbilisi wa Holst ataandika vivyo hivyo upungufu wa vitamini C. Neno moja limebeba mambo mawili yasiyofanana. Simbilisi alikuwa mgonjwa kwa kuwa hakupewa kitu ambacho mwili wake hauwezi kukitengeneza. Panya hakukosa vitamini, kwa kuwa ini lake laitengeneza. Kilichotokea ni kwamba tezi iliyoamshwa ilitoa sehemu ya akiba yake kwa muda. Hapo hapana ugonjwa wa lishe. Pana tezi iliyokuwa kazini.

Hatari ya kuchanganya mambo haya si ya darasani tu. Yapo matangazo ya biashara yasemayo kwamba maisha ya mashaka huchosha tezi adrenali, zikaishiwa vitamini C, na kwamba vidonge vitazirudishia nguvu. Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani, kimekwisha kueleza kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi kuwa uchovu wa adrenali ni ugonjwa wa kweli. Hata hivyo tangazo la namna hiyo likikuta tafsiri iliyosema kwamba panya aliyeamshwa tezi alipata upungufu wa vitamini C, limepata shahidi wa bure. Muuza vidonge hatahitaji kusema uongo, kwa kuwa mfasiri amekwisha kumsaidia. Na mgonjwa mwenye ugonjwa wa kweli wa tezi adrenali, ambaye anahitaji homoni na daktari, atakaa nyumbani akimeza vidonge vya machungwa.

Lugha yetu ina dawa ya tatizo hili katika viambishi vyake yenyewe. Nomino zinazoishia -fu kama upungufu, ukosefu na uharibifu hutaja hali iliyokwisha kuwapo. Nomino zinazoishia -aji kama ulimaji, utoaji na upunguaji hutaja tendo linaloendelea. Kwa hiyo twapendekeza mgawanyo huu:

(a) Ukosefu wa vitamini C: kutokuwapo kwake katika chakula.

(b) Upungufu wa vitamini C: hali ya mwili wenye kiasi kidogo kuliko unachohitaji, ambayo mwisho wake ni kiseyeye.

(c) Upunguaji wa vitamini C katika tezi: kushuka kwa akiba ya tezi kunakopimwa baada ya kuamshwa kwake.

Hapa hapana neno jipya la kigeni. Kilichotakiwa ni kuheshimu tofauti ambayo sarufi ya Kiswahili ilikwisha kuiweka.

6. Vitamini na kimeng'enya

Yabaki maneno mawili ambayo tutayahakiki kisha tuyaache yalipo.

La kwanza ni vitamini. Casimir Funk alilibuni mwaka 1912 akidhani kwamba vitu hivi vyote ni vya jamii ya kemikali ziitwazo amini. Ilipodhihirika kwamba sivyo, Jack Drummond alipendekeza mwaka 1920 herufi ya mwisho ya jina iondolewe ili dhana hiyo isionekane tena, na vitu hivyo vitajwe kwa herufi A, B, C. Kiswahili kimelipokea neno pamoja na kosa lake la kale. Vilevile vi- ya mwanzo huwavuta wasemaji kwenye ngeli ya ki-/vi-, na hatutashangaa kusikia kitamini kimoja. Matumizi sahihi ni ya ngeli ya i-/zi-: vitamini hii, vitamini hizi. Walimu wasiache jambo hili lipite.

La pili ni kimeng'enya. Aliyeliunda alilitoa katika kitenzi meng'enya, yaani kuvunjavunja kitu kiwe vipande vidogo, akiwa na fikra ya vimeng'enya vya mate na tumbo. Jina hilo lawafaa sana hao. Lakini katika medula ya adrenali kimo kimeng'enya kinachotumia vitamini C kuibadili dopamini iwe noradrenalini, ambayo nayo hubadilishwa kuwa adrenalini. Hicho hakivunji, bali chaongeza. Katika ini la panya kimo kingine kinachomalizia kutengeneza vitamini C yenyewe, na hicho ndicho ambacho simbilisi na binadamu hawana. Kwa hiyo twalazimika kuandika kimeng'enya kinachojenga, maneno mawili yanayopigana pembe. Tungekuwa mwanzoni tungeshauri jina jingine. Lakini neno limeshika katika vitabu na katika vinywa vya wanafunzi, na kulifukua leo ni kuwavuruga. Itoshe mwalimu kuwaeleza wanafunzi kwamba jina ni la kihistoria, kama lilivyo neno vitamini, na kwamba kazi ya kimeng'enya ni kuharakisha mabadiliko ya kikemia, yawe ya kuvunja au ya kuunda.

7. Jaribio la mwisho

Kipimo cha mapendekezo haya ni kama yanaweza kubeba habari mpya bila kuvunjika. Mwaka 2003 watafiti walieleza hali ya panya wadogo wa maabara walioondolewa jeni ya protini inayoingiza vitamini C ndani ya seli. Kwa istilahi tulizozihakiki, habari hiyo yaandikika hivi: Katika panya wadogo wa maabara ambao seli zao haziwezi kupokea vitamini C, medula ya adrenali ilikuwa na adrenalini na noradrenalini kidogo kuliko kawaida, na umbo la seli zake lilionekana kubadilika. Panya hao hawakuwa na ukosefu wa vitamini, kwa kuwa ini lao laitengeneza. Kilichokosekana ni njia ya kuifikisha katika seli.

Sentensi hizo ni za Kiswahili, na mwalimu wa sekondari aweza kuzisoma bila kamusi. Msomaji ajua ni mnyama gani, ni sehemu gani ya tezi, ni nini kilichopungua, na ni nini kisichopungua. Ziandikwe upya sasa kwa istilahi za mazoea: Athari za upungufu wa vitamini C zilionekana katika kiini cha tezi za adrenalini za panya. Hakuna neno hata moja hapo ambalo halimo katika matumizi yetu, na hakuna fungu la sentensi hiyo lililo salama. Neno athari laleta dhara, upungufu walaumu chakula, kiini chatupeleka ndani ya seli, na panya hatujui ni yupi.

Ni desturi yetu kudhani kwamba kazi ya istilahi yaisha orodha ikikwisha kuchapwa. Orodha zimefanya kazi kubwa, nazo zaendelea kuhitajiwa. Lakini kila orodha ingefuatwa na aya moja iliyoandikwa kwa maneno yake, juu ya jambo moja la kweli, kisha ikasomwa na mtu asiyeujua utafiti huo, naye akaulizwa ameelewa nini. Wafasiri wawe na desturi hiyo mezani pao, walimu waijaribu darasani, na maofisa wanaopitisha vipeperushi vya afya waidai kabla ya kutia sahihi. Szent-Györgyi alikiri kwa mzaha kwamba hakujua alichokishika, na mhariri akamtaka atafute jina la kweli zaidi. Mfasiri naye, akiwa hajui bado, na atafute kwanza ajue, ndipo alete jina.